Shajara ya mradi wa Goba: kukata ngazi na kupanda vetiva kabla ya vuli

Jumatatu, 5 Agosti

Leo tumetia saini mkataba wa kutengeneza mteremko ulio nyuma ya shule moja ya awali huko Goba, Dar es Salaam. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo kampuni yangu inaifanya yote, kuanzia koleo la kwanza hadi mche wa mwisho. Kwa miaka sita nimekuwa nikiitwa mwishoni, baada ya wenye mashine kuondoka, nipande maua na nyasi juu ya kilichobaki. Kilichobaki mara nyingi ni kifusi: udongo wa juu wenye rutuba umeshafukiwa chini ya udongo mgumu uliotoka shimoni, umechanganyika na vipande vya tofali na mabaki ya saruji, na miche inapokufa baada ya miezi miwili anayelaumiwa ni mwuza maua. Nimepoteza wateja watatu kwa namna hiyo kabla sijatambua kwamba bustani huharibiwa au hutengenezwa siku ya kuchimba, na kwamba nisipoishika kazi ya udongo mwenyewe nitaendelea kulipia makosa ya watu wengine.

Naandika shajara hii kwa ajili ya wanawake wenzangu wenye vitalu kando ya barabara ya Bagamoyo, ambao wamekuwa wakiniuliza mtu anatokaje kwenye viriba vya miche na kuingia kwenye uchimbaji. Naona ni bora wausome mradi mmoja ulivyokwenda, pamoja na hesabu zake, kuliko nikiwaeleza kwa maneno ya jumla.

Eneo lina upana wa mita 42 na urefu wa mita 30 kutoka uwanja wa shule hadi ukuta wa chini, na katika urefu huo ardhi inashuka mita 4.8. Udongo ni mchanga mwekundu uliochanganyika na mfinyanzi, kama ilivyo kwenye vilima vingi vya upande huu wa jiji: wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama tofali, na mvua ikiupiga ukiwa mtupu unachimbika kwa siku moja. Tayari kuna makorongo mawili, na moja limefika mita 2 tu kutoka kwenye msingi wa vyoo vya watoto. Mwalimu mkuu alinionyesha mahali ambapo masika yaliyopita walilazimika kuweka magunia ya mchanga usiku.

Mpango wangu ni kukata ngazi tatu, yaani kuugawa mteremko kuwa sehemu bapa zinazoshuka kama vidato vya ngazi, kila moja na ukingo wa mita 1.6 ulioegeshwa kwa mlalo wa mita 1 na nusu kwa kila mita 1 ya kimo, kuchimba mfereji wa kukinga maji juu kabisa, kujenga mfereji wa mawe wa kuyashusha, kisha kupanda ukoka na vetiva, nyasi ndefu inayoshika udongo kwa mizizi yake. Kazi ya udongo lazima iwe imekwisha katikati ya Septemba ili mizizi ishike kabla ya vuli.

Alhamisi, 8 Agosti

Ni sikukuu ya Nane Nane, kwa hiyo nimekaa na makaratasi.

Kwa anayetaka kuingia katika kazi hii, makaratasi si jambo la kuachia baadaye. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inamtaka kila anayefanya ukandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi hupangwa katika madaraja saba, la saba likiwa la chini kabisa na kila daraja likiwa na kikomo cha thamani ya kazi. Mimi niko la saba. Sikuingia kirahisi, kwa kuwa nilihitaji mtaalamu mwenye sifa awe sehemu ya kampuni, na kijana aliyesomea ufundi sanifu wa ujenzi alikubali kuwa mwanahisa wangu mdogo baada ya kuona vitabu vyangu vya hesabu. Nasisitiza hapo penye vitabu vya hesabu: kitalu changu kilikuwa na daftari la mauzo la kila siku tangu mwaka wa kwanza, na daftari hilo limenifungulia milango mingi.

Dada zangu wengi wanafahamu kwamba sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Wachache wanafahamu kwamba fungu hilo halimfuati mtu nyumbani. Ni lazima kikundi kisajiliwe, kiingizwe katika mfumo wa NeST ambao ndio unaotumika sasa kwa zabuni za serikali, na kiwe na uwezo wa kufanya kazi bila malipo kwa wiki kadhaa, kwa sababu fedha hulipwa baada ya kazi kukaguliwa. Kazi ya Goba ni ya mtu binafsi, lakini naifanya kwa makaratasi yaleyale ya kazi ya serikali ili nikiomba zabuni mwakani niwe na mradi wa kuonyesha.

Mashine yetu ya mkono ya kushindilia udongo ilinunuliwa kwa mkopo wa halmashauri, ule unaotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, na tuliuchukua tukiwa kikundi. Ulitosha mashine hiyo, matoroli, makoleo na sururu. Kwa kununua eskaveta, yaani mashine kubwa ya kuchimba, haukaribii hata kidogo, na naona hapa ndipo wanawake wengi wanaposimama: vifaa vya mkono vinapatikana, na mashine kubwa inabaki kuwa ya kukodi kutoka kwa watu waliozoea kufanya biashara na wanaume wenzao.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumechimba mashimo manne ya majaribio, kila moja mita 1.5, kwa mikono. Watatu kati ya wachimbaji sita ni wanawake. Wanalipwa kwa kipimo, si kwa siku: kila mmoja anachorewa eneo lake, na akimaliza mita zake za ujazo anaondoka. Njia hii niliifundishwa Mbeya, katika chuo kinachofundisha kazi za barabara kwa kutumia nguvukazi, ambako nilihudhuria kozi fupi pamoja na akina mama waliokuwa wakitengeneza barabara za vijijini. Mama mwenye mtoto mdogo anaweza kuanza saa kumi na mbili asubuhi na kuwa nyumbani saa sita mchana akiwa na malipo kamili. Katika udongo huu mtu mmoja anamaliza mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku, na sijaona tofauti kati ya wanaume na wanawake inayotosha kubishaniwa.

Shimo la pili limetupa taarifa muhimu. Sentimita 15 za juu ni udongo mweusi wenye mizizi, chini yake kuna mchanga mwekundu, na kuanzia sentimita 110 kuna tabaka la mfinyanzi ambalo maji hayapiti. Niliuweka udongo wa kila tabaka ndani ya chupa yenye maji, nikautikisa na kuuacha utulie hadi jioni: mchanga ulikaa chini, tope juu yake, na mfinyanzi ukabaki ukielea kiasi cha kuyafanya maji yawe mekundu mpaka usiku. Maana yake ni kwamba mvua itazama hadi kwenye mfinyanzi, kisha itateleza juu yake kuelekea chini. Kwa hiyo mfereji wa juu hautatosha peke yake, na kila ngazi itahitaji kuinama kidogo kuelekea ndani, na mferejini kuwe na mawe na changarawe ya kuyapokea maji yanayotoka kwenye ukingo.

Shimo la nne tulilichimba mahali ambapo mlinzi alisema bomba la maji linapita. Bomba lilikuwa sentimita 70 pembeni ya alipoonyesha. Tumelifichua kwa mikono urefu wote wa mita 9 na kulizungushia utepe.

Alhamisi, 15 Agosti

Vipimo. Nimetumia siku nzima na mpira wa maji, vigingi na rangi nyekundu.

Mpira wa maji ni bomba laini linaloonekana ndani, lenye urefu wa mita 20, lililojazwa maji. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata kama kati yake kuna kichaka au ukuta. Ni kifaa cha bei ndogo na kinasema kweli, ila kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani kitakudanganya kwa sentimita kadhaa, na kwa hiyo kila asubuhi hulazwa, hujazwa polepole na hupimwa ncha kwa ncha kabla ya kutumika. Msaidizi wangu, binti wa miaka 22 aliyeanza nami akiwa anajaza viriba, ndiye anayeshika ncha ya pili, na leo nimemwachia aandike vipimo vyote mwenyewe. Tulirudi kwenye kigingi cha kwanza tukakuta tofauti ya sentimita 1 tu baada ya mzunguko mzima.

Hesabu ya udongo imekuja hivi. Udongo wa juu wa sentimita 15 katika eneo la mita za mraba 1,260 ni mita za ujazo 189, na huu utakusanywa pembeni na kufunikwa, kisha urudishwe. Udongo wa kukatwa kutengeneza ngazi ni kama mita za ujazo 190, na wote utatumika kujazia upande wa nje wa ngazi hizohizo. Hakuna tipa litakalotoka hapa likiwa na udongo, na hilo peke yake limepunguza bei yangu kuliko ya washindani wawili waliokuwa wamehesabia kusomba.

Jumatatu, 19 Agosti

Mashine imefika. Nilichagua kijiko cha matairi, mashine ya kuchimba inayotembea kama trekta, badala ya eskaveta ya minyororo, ingawa eskaveta ingekata haraka zaidi. Eskaveta huletwa juu ya trela, na njia ya kuingia shuleni ina kona ambayo trela haliwezi kupinda bila kuvunja ukuta wa jirani. Kijiko cha matairi kinakuja chenyewe kwa barabara, kinatumia karibu nusu ya mafuta, na ndoo yake ya mbele inafaa kusambaza udongo wa juu mwishoni. Kadirio langu ni saa 26.

Jana jioni mwenye mashine alinipigia simu kuthibitisha kazi, na baada ya salamu akasema, "Sawa mama, sasa nipe fundi nizungumze naye." Nikamjibu, "Kaka, fundi ni mimi. Vipimo ninavyo, na karatasi ya saa nitaisaini mimi." Alinyamaza kidogo, kisha tukaelewana bei. Hakuwa na ubaya, na simtaji kwa kumlalamikia. Nayaandika haya kwa sababu yanatokea katika kila kazi, na jibu linalofaa nimeliona kuwa ni hilo la vipimo na karatasi ya saa. Katika kazi ya kuchimba, mwenye mamlaka ni yule anayejua kigingi kinasema nini na ambaye saini yake ndiyo inayolipa saa ya mashine.

Udongo wa juu umekusanywa wote. Saa 7 zimetumika.

Jumatano, 21 Agosti

Siku mbaya, na naieleza kwa kirefu kwa sababu imenigharimu.

Ngazi ya kwanza ilikatwa jana vizuri. Leo saa nne asubuhi nililazimika kwenda kuchukua mawe ya mfereji, nikamwachia msaidizi wangu vigingi na daftari. Niliporudi saa saba kasoro nilikuta ngazi ya pili imekatwa sentimita 40 chini ya alama, kwa urefu wa mita 14 na upana wa mita 5. Bwana mmoja aliyekuwa akipita kuangalia kazi kwa niaba ya mwenye eneo alikuwa amemwambia dereva wa mashine aende chini zaidi "ili uwanja uwe mpana", na dereva akamsikiliza. Msaidizi wangu alimwonyesha dereva kigingi mara mbili, akaambiwa asubiri wakubwa waongee.

Hesabu yake ni hii. Mita 14 kwa 5 kwa 0.4 ni mita za ujazo 28 za udongo uliokuwa umetulia kwa miaka mingi, sasa umesukumwa chini ukiwa umevimba. Udongo ukichimbuliwa huongezeka ukubwa, na huu wetu unaongezeka kama robo, na ukirudishwa na kushindiliwa unaingia chini ya ukubwa wake wa mwanzo kwa kadiri ya sehemu moja kati ya kumi. Kwa hiyo kulijaza shimo la mita za ujazo 28 kunahitaji kama mita 31 zilizopimwa zikiwa bado ardhini, ambazo zikiwa zimechimbuliwa ni karibu 39. Mimi mwenyewe, katika kadirio langu la kwanza, nilikuwa nimesawazisha kukata na kujaza bila kuacha nafasi ya huku kupungua. Kosa la leo limefichua kosa langu la tarehe 15: hata bila bwana yule, tungepungukiwa kama mita za ujazo 19 mwishoni.

Nilisimamisha mashine. Nilimwita dereva, msaidizi wangu na bwana yule pamoja, nikawasomea kifungu cha mkataba kinachosema kwamba mabadiliko yote ya vipimo hutolewa kwa maandishi na mkandarasi. Nilimwambia dereva, "Kijana wangu, wewe unajua kazi, na mashine unaimudu. Lakini nisipokuwepo, mwenye daftari ndiye mimi. Saa ambayo haina saini yake au yangu, sitailipa." Kwa upole, mbele ya wote. Bwana yule alisema hakujua kwamba binti ndiye msimamizi. Nilimwonyesha jina la binti lililoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu kabla hajasikia kwa mtu mwingine, nikamweleza yote, la bwana yule na la kwangu. Tumekubaliana shule ilipe saa za kujaza sehemu iliyokatwa kwa agizo lisilo langu, na mimi nibebe upungufu uliotokana na hesabu yangu.

Jumatatu, 26 Agosti

Tunajaza kwa tabaka. Kila tabaka ni sentimita 20 za udongo uliolegea, zinazoshindiliwa hadi kufika 15, na sentimita 40 zinachukua tabaka tatu, la mwisho likiwa jembamba. Udongo mkavu haushikani na ulioloa sana unarudi kama mpira chini ya mashine. Kipimo chetu ni cha mkono: unafinyanga donge, unaliachia lianguke kutoka usawa wa kiuno, likivunjika vipande vichache vikubwa udongo uko tayari, likisambaratika unahitaji maji, likibonyea bila kuvunjika usubiri jua. Mama mmoja wa Makongo, ambaye amekuwa akifyatua tofali kwa miaka mingi, analijua hili kwa vidole kuliko mimi ninavyolijua kwa maandishi, na nimemkabidhi uamuzi wa lini tabaka limwagiwe maji. Malipo yake yamepanda kuanzia leo.

Upungufu tumeuziba kwa kuchimba mfereji wa juu upana wa ziada wa sentimita 30 na kutumia udongo wake, pamoja na toroli nyingi zilizotoka kwenye lundo lililoachwa wakati wa kujenga madarasa. Tulichambua matofali yote kwanza.

Alhamisi, 5 Septemba

Ngazi tatu zimekamilika. Jumla ya saa za mashine ni 34 dhidi ya kadirio la 26. Saa 5 zitalipwa na shule na saa 3 ni zangu.

Mfereji wa juu una mwinamo wa sentimita 1 na nusu kwa kila mita, na unamwaga kwenye mfereji wa mawe unaoshuka ubavuni kwa vidato vidogovidogo, ili maji yasipate kasi. Nilifanya hesabu mbele ya mwalimu mkuu ili aelewe kwa nini sikubali kuufanya mwembamba zaidi: mvua ya milimita 50, ambayo hapa Dar es Salaam si ya ajabu, ikiangukia mita za mraba 1,260 ni lita 63,000, na paa la madarasa lenye mita za mraba 400 linaongeza lita 20,000. Maji ya paa yalikuwa yakimwagwa moja kwa moja kwenye mteremko, na ndiyo yaliyochimba korongo la vyooni. Tumeyaelekeza kwenye tangi la lita 10,000, ambalo litamwagilia miche, na ziada yake inaingia mfereji wa mawe.

Chini kabisa, kabla maji hayajaingia mtaro wa mtaa, kuna shimo la kunasa mchanga lenye ukubwa wa mita 1 kila upande. Nimelipigania hilo shimo. Bila hilo mchanga wetu ungejaza mtaro wa majirani, na tungekuwa tumehamisha tatizo kutoka uwanja huu hadi sebule za watu wa chini.

Jumanne, 10 Septemba

Udongo wa juu umerudishwa. Baada ya wiki tatu chini ya majani makavu ulikuwa bado una minyoo.

Sikuruhusu mashine ipande juu ya ngazi zilizokwisha kushindiliwa kingo. Udongo ulimwagwa kutoka pembeni na akina mama wakausambaza kwa reki. Nimewahi kuona kazi nzuri ya wiki nne ikibomolewa na gurudumu moja lililokaribia ukingo mno.

Jumatatu, 23 Septemba

Tunapanda. Sehemu hii ninaijua kwa miaka yote ya kitalu, na hivyo sitaieleza sana.

Kila ukingo una mistari miwili ya vetiva, mistari sita kwa jumla, kila mstari wa mita 42, mche kila baada ya sentimita 15: miche 280 kwa mstari, 1,680 kwa jumla. Yote imetoka kwenye kitalu changu, kwa kugawanya mashina yaliyokuwa yamekomaa, kila kipande kikiwa na vichipukizi viwili au vitatu, majani yakikatwa hadi sentimita 20 na mizizi hadi 10. Ninaipenda vetiva kwa sababu mizizi yake haitambai pembeni bali inazama chini, mita 3 na zaidi kwenye udongo unaoruhusu, na aina hii tunayopanda haienei kwa mbegu, hivyo haitavamia bustani ya jirani. Ikisongamana inakuwa ua linalopunguza mwendo wa maji na kunasa udongo nyuma yake. Kati ya mistari tumepanda ukoka kwa vipandikizi. Kwenye ngazi ya chini, mbali na mfereji na ukuta, kuna miti miwili ya mkungu kwa ajili ya kivuli cha watoto na mwarobaini mmoja.

Mwalimu mkuu alitamani miashoki kando ya ukuta kwa sababu inapendeza. Nilimshauri tuiache, na alikubali. Mti mrefu mwembamba kwenye udongo uliojazwa mwaka huu ni hatari mbele ya madarasa.

Malipo ya kupanda nimeyagawa mara mbili: sehemu kubwa inalipwa siku ya kupanda, na sehemu iliyobaki italipwa kwa kila mche utakaokutwa hai Novemba. Mfano wake niliupata katika kazi ya Wangari Maathai wa Kenya, ambaye harakati yake ya Green Belt, iliyoanza mwaka 1977, iliwalipa akina mama kwa miche iliyoishi. Niliwaeleza wapandaji hadithi hiyo wakati wa chai. Mmoja aliuliza kama maji ya kumwagilia yatakuwepo kila siku, kwa sababu haiwezekani alipwe kwa mche hai huku tangi likiwa tupu. Lilikuwa swali la haki. Tumeandika katika makubaliano kwamba siku ambayo maji hayatakuwepo, hasara ya miche ni yangu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Hesabu za fedha za kazi ya udongo zimefungwa. Kati ya kila shilingi 100 tulizotumia, 41 zimekwenda kwenye mashine na mafuta, 33 kwa vibarua na mafundi wa mawe, 17 kwenye mawe, changarawe na saruji, na 9 kwenye mambo mengine. Miche sikuihesabu hapa kwa sababu ni ya kitalu changu, ingawa mwanahisa wangu ananisisitizia niihesabu kwa bei ya sokoni, na ana haki: nikiendelea kuipa kampuni miche bure sitajua kamwe kama upande wa uchimbaji unajilipa wenyewe. Nimemwahidi kuanzia mradi ujao.

Hizo shilingi 41 zinanisumbua. Nikiwa na kijiko changu mwenyewe zisingepotea zote, kwa kuwa ningelipa mafuta, dereva na matengenezo, lakini sehemu iliyobaki ingekuwa rejesho la mkopo wa kitu changu. Nimefanya hesabu ya kijiko kilichotumika: nahitaji kazi za kutosha saa 80 kwa mwezi ili kisikae bure. Kwa sasa ninazo kama 30. Kwa hiyo sitakinunua mwaka huu, hata kama wapo wanaonitia moyo. Badala yake nimezungumza na akina mama wawili wenye kampuni kama yangu, mmoja Kibaha na mwingine Kigamboni, tukusanye kazi zetu na kukodi mashine moja kwa mwezi mzima kwa bei ya jumla. Pia msaidizi wangu ameomba kusomea uendeshaji wa mitambo mizito, na ada yake nimeiingiza katika bajeti ya Januari.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha usiku. Kopo langu la kupimia lilikuwa na milimita 31.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi na msaidizi wangu. Mfereji wa juu ulikuwa umebeba maji bila kufurika. Ngazi ya kwanza na ya tatu hazikuwa na alama yoyote zaidi ya matope mepesi kwenye mstari wa vetiva. Ngazi ya pili, palepale palipokatwa kupita kiasi na kujazwa upya, ilikuwa imetitia kwa sentimita 3 katika urefu wa mita 4, na maji yalikuwa yamesimama. Hakukuwa na ufa kwenye ukingo. Tulimwaga udongo, tukashindilia kwa mkono, tukarudisha ukoka kabla ya saa tatu, na nimeweka kigingi kipya hapo kitakachopimwa kila Jumatatu. Shimo la kunasa mchanga lilikuwa na sentimita 12 za mchanga. Umezolewa na kurudishwa juu.

Korongo la vyooni halikupata hata tone kutoka paa.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumehesabu miche, mwalimu mkuu akiwepo na wapandaji wote. Iliyo hai ni 1,537. Ile 143 iliyokufa, 96 kati yake iko kwenye mstari mmoja wa juu, mahali ambapo mpira wa kumwagilia haukufika vizuri, na hiyo nimewalipa wapandaji kama iliyoishi kwa mujibu wa makubaliano yetu. Nafasi zote zimepandwa upya leo.

Kigingi cha ngazi ya pili kimeshuka milimita 4 zaidi tangu Oktoba, na kwa wiki mbili zilizopita hakijashuka. Kitaendelea kupimwa. Shule imeshika asilimia 5 ya malipo hadi mwisho wa Januari, kama tulivyoandikiana, na kabla ya tarehe hiyo nitarudi kuzoa shimo la mchanga, kukata majani ya vetiva hadi sentimita 40 ili ichipue kwa wingi, na kung'oa vigingi vyote isipokuwa hicho kimoja.